Mafuta ya Waridi Ghalani

Kila Ijumaa adhuhuri, mwaka ule wa 1996, Dama alipita mtaa wa Bondeni kuchukua vyombo vya Mzee Adamji. Mama yake ndiye aliyempikia mzee huyo. Mzee aliuza mafuta mazuri, yale ya kupaka tone moja tu ukanukia siku nzima, na alimkataza Dama jambo moja: asiingie ghalani.

Basi huko huko ndiko alikoingia! Mzee alipokuwa akitia udhu, Dama alijipenyeza, akafungua chupa ya waridi na kujipaka shingoni. Mara akasikia kufuli. Mzee amefunga, na Ijumaa akishafunga hafungui tena hadi kesho.

Dama akanyamaza. Akiita atajulikana, na mama huenda akafukuzwa kazi. Akakikaza kizibo, akakaa. Lakini bati la paa lilichoma, na ghala halikuwa na dirisha ila kitundu juu ya mlango, kilichotazama uchochoroni. Jasho likamtoka, kifua kikambana. Ndipo akapiga kelele na kugonga mlango mpaka viganja vikauma. Nani amsikie? Watu walikuwa msikitini, na kuta zile za mawe ni nene. Akalia.

Miguuni akahisi hewa ya baridi ikiingia chini ya mlango. Akakumbuka alivyowafundisha Mwalimu Nanjala shuleni: hewa ni chembe ndogondogo zisizotulia, zikipata joto hukimbia zaidi, huachana, na hewa hiyo huwa nyepesi ikapanda juu. Kwa hiyo hewa ya moto ilikuwa ikitoka pale kitunduni. Yeye hawezi kupita, lakini harufu itapita.

Kumwaga mafuta ni kukiri wizi. Alijua. Akayamwaga yote kwenye kitambaa chake cha kichwani, akapanda sanduku, akakitundika kitunduni.

Watu walipotoka kuswali, Mzee Adamji alisimama ghafla uchochoroni.

"Nani alomwaga waridi langu?"

"Ni mimi, Mzee!" Dama akalia. "Niliiba. Tafadhali usimfukuze mama!"

Mzee akafungua haraka, akamkalisha barazani na kumpa maji, na Dama akamweleza jinsi alivyonyamaza kwanza ili asijulikane.

"Mamako hana kosa, kazi yake ipo," alisema. "Chupa utanilipa kwa kunifutia rafu za chupa kila Jumamosi. Lakini wewe, mwanangu, ungeficha kosa lako mpaka likuue humo ndani. Ukikosea, sema mapema, ungali na pumzi."

"Nimesikia, Mzee."

"Basi kimbia nyumbani ukamwambie mamako mwenyewe, kabla harufu hiyo haijamwambia."

Dama akabeba vyombo, akakimbia.