Mapipa Yaliyooshwa Jumamosi

Jumatatu, tarehe 9 Septemba. Kulipambazuka na upepo mkavu uliobeba vumbi, na jua lilitoka jekundu kama jicho lililokesha. Mke wa Mzee wa Koki alipanda kilima na chupa ya chai ya mumewe, akakuta mlango wa kibanda cha tangi la maji umefungwa kwa waya, kwa nje. Aliusokota waya mpaka ukakatika. Ndani mumewe alikuwa amelala sakafuni, mikono imefungwa nyuma kwa kitambaa cha kijani, gunia limevikwa kichwani, damu imekauka sikioni. Alikuwa hai. Alichoweza kusema ni neno moja: maji.

Inspekta wa polisi, mwanamke, alipofika saa mbili, alikuta umati umezunguka kibanda, nao haukuwa na huruma. Mzee wa Koki ndiye aliyekuwa na spana ya koki kubwa iliyo chini ya tangi. Yeye akifungua, mtaa wa juu unapata maji. Asipofungua, mtaa unakaa na kiu, na ulikuwa umekaa hivyo wiki tatu. Halafu jana, Jumapili, siku ya uchaguzi mdogo wa diwani, mabomba yalinguruma alfajiri yakamwaga maji mpaka jioni, tangi likakauka. Watu walibaki bombani na ndoo zao. Mtaa wa juu ulikuwa ngome ya chama cha Kengele tangu zamani, lakini kituo cha kura kilishinda kitupu kama kanisa siku ya Jumanne. Chama cha Ngazi kikachukua kiti.

"Amejifunga mwenyewe!" mtu alipaza sauti. "Muulizeni alihongwa nini!"

"Amejifunga mwenyewe mikono nyuma, halafu akatoka akafunga mlango kwa nje?" Inspekta aliuliza. "Basi huyu si mfungua maji, ni mwanasarakasi."

Hakuna aliyecheka. Kijana mwembamba mwenye kipaza sauti kifuani alijipenyeza mbele. Walimwita Kipaza. Kwa miaka kumi ndiye aliyekuwa sauti ya Kengele. Hata watoto wachanga waliijua sauti yake.

"Afande, mtaa huu umeuzwa!" alisema. "Tazama kitambaa alichofungwa nacho. Kijani! Bango la Ngazi hilo. Wamepanga na huyu mzee. Usipomfunga wewe, leo usiku nyumba yake itawaka." Umati ukamshangilia.

"Umesema nyumba ya nani itawaka?"

Kipaza akashusha macho. "Nasema tu hasira za watu, Afande."

Inspekta aliingia kibandani, akafunga mlango. Aliinamisha kichwa kwanza, kama alivyozoea kabla ya kila kazi, akaomba aone kilichopo na si anachotaka kukiona. Kisha akapiga magoti kando ya mzee.

"Baba, nani alikufanyia hivi?"

"Sikumwona, mwanangu. Alinivika gunia nikiwa usingizini, jana kabla ya alfajiri."

"Sauti?"

"Hana sauti! Nilimwomba, nikalia, kimya. Nikamtukania mama yake, ndipo akanipiga. Lakini neno hakutoa, hata moja."

Inspekta akamgeukia mke. "Na wewe, mama, jana kutwa hukumtafuta?"

"Maji yalikuwa yanatoka, Afande," mama alisema, machozi yakimlengalenga. "Maji yakitoka, mume wangu yupo kazini, na usiku hulala huko huko. Ningemtafuta wa nini? Na leo nimeomba ndoo moja nimuoshe damu, majirani wote wamenifungia milango. Mapipa yamejaa pomoni, wananiambia nimwombe aliyemlipa."

Mzee alishika mkono wa Inspekta. "Kuna jambo. Tangi lilikuwa limejaa wiki zote tatu. Idara ya maji iliniambia nisifungue mpaka nipate amri. Watoto wanaugua, maji yako juu ya kichwa changu, na mimi nimekalia spana kama kuku aliyekalia mayai. Kwa hilo nipigeni. Lakini kura za watu sikuziuza."

Inspekta alitoka na hasira ambayo hakuwa nayo alipoingia.

Alianza na diwani mteule wa Ngazi, aliyemkuta sebuleni akipokea pongezi.

"Mimi nimfunge mtu kwa bango langu mwenyewe?" diwani alicheka. "Mwizi gani anaacha kitambulisho mlangoni? Na isitoshe, Inspekta, watu hawakuja kupiga kura. Kutokuja si kosa la jinai."

"Kumfunga mzee ni kosa."

"Basi mtafute aliyemfunga. Kiti ni changu."

Jibu lilimkera, lakini aliliona lina mantiki. Aliondoka bila kuaga, akarudi mtaa wa juu na kupita nyumba kwa nyumba. Kila kizingiti alichokanyaga kilikuwa na baka la tope lililoanza kupasuka. Mapipa yalikuwa yameinamishwa wiki tatu, yakaingia buibui na vumbi. Maji yalipokuja, kila mwanamke alilisugua lake kwanza, uchafu akaumwaga mlangoni.

"Kwa nini hukwenda kupiga kura?" alimuuliza fundi cherehani.

"Nina mtoto anaharisha na ndoo saba tupu. Ungekuwa wewe ungeshika kalamu au ndoo?" Akakata uzi kwa meno. "Usiniulize kwa nini sikwenda. Uliza kwa nini maji yanajua siku ya kura."

Msusi wa nyumba ya pili hakungoja kuulizwa. "Mimi nilikwenda, na nikawapa Ngazi. Unitazame utakavyo. Nimekuwa Kengele tangu sijavaa sidiria. Mwaka huu katibu wao akatuletea shemeji yake awe mgombea, mtu asiyejua hata njia ya kuja huku. Nikasema, kumbe sisi ni wa kupigiwa kelele tu! Nimehama, shoga yangu. Hata yule Kipaza wao aliahidiwa nafasi ile, wakamruka kama dimbwi."

Muuza mkaa alijibu akiwa amelala kwenye gunia. "Mimi sina pipa wala chama. Nilichoka kuchagua nani anidanganye."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yake Kipaza. Mapipa matatu ya buluu yalisimama ukutani, yamefunikwa kwa khanga safi. Inspekta alitazama kizingiti. Vumbi tupu, kavu, jepesi kama unga.

"Karibu, mwanangu," mama alisema. "Nikupe maji? Leo ninayo ya kumpa hata adui."

"Asante, mama. Wanasema wewe ulijaza kabla ya wote."

"Mapipa yalikuwa tayari! Kijana wangu aliyaosha Jumamosi jioni. Na nilimgombeza, wee! Alichukua ndoo ya mwisho, ya kunywa, akasugulia mapipa. Nikamwambia, umerogwa? Tutakunywa nini kesho? Akaniambia, tulia mama, Mungu atatoa." Alicheka kwa fahari. "Na kweli akatoa. Nina mtoto wa imani, mimi."

Inspekta hakucheka. Alikaa kidogo kwenye kigoda, mikono imeshikana magotini. Alikuwa amekulia kwenye mtaa kama huu, na ndoo kichwani. Alijua kuwa mtu mwenye kiu hamwagi ndoo ya mwisho kwa matumaini. Alijua pia jambo la pili, nalo lilimuuma zaidi: mtoto wa mama wa namna hii, akishajua maji yanakuja, hawezi kuliacha pipa la mama yake limeinama.

Saa kumi jioni aliwaita watu kwenye bomba la mtaa. Mzee wa Koki aliletwa, kichwa kimefungwa bandeji, mkewe amemshika. Minong'ono ikaanza. Kipaza alikwisha washa kipaza sauti chake.

"Kizime hicho," Inspekta alisema. "Leo utasikika bila msaada."

Akawageukia watu. "Aliyemfunga mzee hakutamka neno, hata alipoombwa. Kwa nini? Mgeni angemtisha, angemfokea. Aliyenyamaza ni mtu ambaye akisema tu 'nyamaza', mzee angemjua. Sauti yake inajulikana mtaa mzima."

Macho yalianza kuhama.

"Alimvumilia mzee kwa kila kitu isipokuwa tusi la mama. Na nani alijua tangi limejaa? Alhamisi spika za kampeni ya Kengele zilifungwa juu ya tangi. Nimeambiwa na waliozishusha. Aliyezifunga, mwenye sauti hiyo hiyo, aliona maji. La mwisho sitalisema mimi. Mama, naomba unisamehe. Waambie ulichoniambia kuhusu mapipa."

Mama yake Kipaza alisimama. Alianza kwa tabasamu. "Mwanangu aliyaosha Jumamosi, kwa maji ya kunywa..." Sauti ikapungua njiani. Alimtazama mwanawe. Tabasamu likamtoka usoni polepole, kama maji yanavyoishia kwenye bomba.

"Mama, nyamaza," Kipaza alisema.

"Nilikuuliza tutakunywa nini. Ukaniambia Mungu atatoa."

"Mama!"

"Usimtaje tena huyo Mungu," Inspekta alimwambia Kipaza. "Ulimtanguliza yeye mbele, ukafuata nyuma na gunia."

Kipaza aliwatazama watu waliokuwa wakimshangilia asubuhi. Ndipo akalipuka. "Ndiyo! Ni mimi! Miaka kumi nimepasua koo kwa ajili ya Kengele. Wakaniambia zamu yako inakuja. Ikaja na shemeji! Nilitaka waanguke, nao Ngazi wabebe lawama, ndiyo maana ya bango. Lakini nani alimfungia mtu ndani asipige kura? Nani kati yenu alifungiwa? Nilifungua maji tu! Mlichagua ndoo wenyewe!"

"Tulichagua?" Fundi cherehani alimsogelea mpaka puani. "Ulijua tuna kiu, ukaitumia kiu yetu kama fimbo ya kuchapia wakubwa zako. Walioyazuia maji na wewe uliyeyafungua, nyote ni kitu kimoja!"

"Na huyu mzee?" msusi akapiga kelele. "Ulitaka tumchomee nyumba!"

Mke wa Mzee wa Koki alimwegemeza mumewe begani. Aliwatazama majirani mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alitafuta pa kuweka macho.

Inspekta alimtia Kipaza pingu. "Kuhusu kiti, mahakama itasema. Kuhusu amri ya kuzuia maji tangi likiwa limejaa, kesho asubuhi nitakuwa idarani, na sitakwenda kunywa chai."

Watu walidhani yamekwisha. Lakini mama yake Kipaza alikuwa bado amesimama. Alimwendea mke wa Mzee wa Koki, akamshika mkono, akauinua mbele ya wote.

"Nisikieni, na mnishuhudie," alisema, bila kipaza sauti, na hata waliokuwa nyuma walimsikia. "Mapipa yangu matatu, na maji yake, ni ya nyumba ya mama huyu kuanzia sasa. Mwanangu nimemzaa mimi, na chakula nitampelekea huko aliko. Lakini siku ya kesi nitasimama mbele ya hakimu na kusema haya haya niliyosema hapa, sitapunguza neno. Na wakiita kura tena, hata maji yakitoka ukutani, pipa lolote nitakalokuwa nalo nitaliacha limeinama, nami mtanikuta wa kwanza kwenye foleni. Naapa mbele ya Mungu, na mbele yenu."