Mama Anasema Ejo

"Jana!" Yoramu alifoka. "Ejo ni jana! Umenidanganya tangu masika, Inamahoro!"

"Punguza sauti, mama anashtuka!"

"Ashtuke! Labda akishtuka atasema neno jingine!"

Hapohapo akajua kateleza. Inamahoro alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kitandani, chini ya dirisha, Mama Leopoldi macho yamemtoka. Ule mpira mdogo wa mazoezi ukachoropoka mkono wa kulia, tena, ukabingirika mpaka kwenye kiatu cha Yoramu.

"Ejo," mama akasema.

Ngoja nikuweke sawa hapa usije ukapotea. Huyu mama ni wa Ulyankulu, Mrundi wa kule makazi ya wakimbizi. Kiharusi kilimwangusha bandani akichambua tumbaku. Kikaondoka na mkono wa kulia, mguu wa kulia, Kiswahili chote, na Kirundi chote kasoro neno moja. Ejo. Umuulize kashiba, ejo. Anataka kugeuzwa, ejo. Analia, ejo. Daktari akasema ndilo limebaki, mengine yanaweza kurudi, polepole, msikate tamaa. Basi wakapanga chumba mjini, hapa Kanyenye, wawe karibu na hospitali, na kila asubuhi binti anamkunja mama vidole na kumkunjua, anamkunja na kumkunjua. Siku kidole gumba kilipotikisika walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kidole hakikutikisika tena.

Yoramu naye, kijana wa mjini, fundi simu pale stendi, alikuwa anangoja neno lake kutoka mdomo huohuo. Ndiyo. Baba alishafariki, na kaka mkubwa, Leopoldi, alisema wazi: "Mama yupo hai. Mama mwenyewe ndiye atamtoa binti yake, kwa mdomo wake." Kwa hiyo kila akija Yoramu anapiga goti.

"Shikamoo mama. Unanipa Inamahoro?"

"Ejo."

"Anasema kesho," Inamahoro anatafsiri.

Na Yoramu anarudi kesho. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Baadaye wakaacha kucheka.

Walikutana palepale stendi, mama akiwa mzima, anatembea kwa miguu yake. Yoramu kavaa shati jeupe la kwaya, limenyooshwa mpaka linakata. Basi la Ulyankulu likafunga breki, watu wakashuka wakisukumana, na dumu la asali likafunguka kifuniko. Likamlowanisha kuanzia kwapani mpaka mkandani.

"We dada! Dumu lako linanilamba!"

"Shati lako ndilo limelifuata dumu. Pole lakini."

"Pole haifui."

"Lete nifue basi. Ila mwenye shati abaki hukohuko."

Binti mwenyewe kavaa kitenge cha njano, kasuka twende kilioni, shingo ndefu, jasho linang'aa. Nyuki wakaanza kumfuata Yoramu, anarusha mikono kama anaongoza kwaya, na mama akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kitu kwa Kirundi.

"Mama anasemaje?"

"Anasema hata nyuki wamekukubali."

Namba zikabadilishwa. Yeye akaandikwa "Nyuki", binti akaandikwa "Asali". Simu zikaanza.

"Asali, umekula?"

"Nimekula. Wewe Nyuki umeng'ata nani leo?"

"Sing'ati. Nakungoja tu."

Halafu kiharusi. Tangu hapo mara moja tu walitoka wawili, Jumapili moja Leopoldi alipokuja kukaa na mama. Wakaazima pikipiki mpaka Kwihara, kwenye tembe la makumbusho, alilokaa yule mzungu mpelelezi wa zamani.

"Alikuwa anangoja nini humu?" Inamahoro akauliza, kaegemea ukuta wa udongo, upepo unacheza na kitenge.

"Wapagazi. Miezi."

"Mvumilivu kuliko wewe."

"Yeye alingoja wabeba mizigo, bebi. Mimi nangoja ndiyo. Bora yeye."

Akacheka, akamlazia kichwa begani. Simu ikalia. Leopoldi: mama kapaliwa na uji, hapumui vizuri, njooni! Walirudi pikipiki inaruka mashimo, Inamahoro analia mgongoni kwa Yoramu mpaka shati likalowa. Mama akapona siku ile. Lakini kutoka, basi. Hawakutoka tena.

Sasa leo. Chuo cha ufundi Kigoma kilishampa Yoramu nafasi muhula uliopita, akaiacha, akisema kesho mama atajibu. Wakampa mara ya pili. Ya tatu hakuna. Treni inapita jioni hii, begi liko tayari. Mchana, kibandani, akaja mama mmoja wa Ulyankulu kubadilisha kioo, anaongea na simu nyingine: nashitse ejo, nashitse ejo.

"Mama, unafika kesho wakati uko hapa?" Yoramu akamtania, kwa vineno vya Kirundi alivyookota kwa Inamahoro.

"Nimefika jana, mwanangu. Kwetu jana na kesho zina jina moja. Ejo."

Yoramu akaacha kioo mezani, akatoka mbio. Ndiyo maana hizi kelele.

"Mpigie kaka yako," alisema sasa. "Weka sauti kubwa."

Leopoldi akapokea. Nyuma yake jogoo anawika.

"Shemeji..." Yoramu akaanza.

"Usiniite shemeji bado."

"Kaka, ejo si kesho tu. Ni jana pia. Ulijua?"

Leopoldi akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kirundi nimenyonya, unanifundisha? Najua. Na daktari kasema hilo neno halina maana yoyote, ni kama mlango umebaki wazi nyumba haina mtu. Mkimsikia mama yangu amesema ndiyo, mnipigie. Nami nitalia nanyi."

Simu ikakatika.

Inamahoro kakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kitenge ni kile cha njano, kimepauka, kina madoa ya uji.

"Alishasema," akasema taratibu.

"Nini?"

"Ndiyo. Siku moja kabla hajaanguka. Tuko bandani, akaniambia, yule kijana wa nyuki, mlete, simkatai. Kesho yake akaanguka. Kwa hiyo labda kila ukimuuliza anakujibu, nilishasema jana. Labda. Sijui!"

"Na ukanitafsiria kesho? Miezi yote hii, Asali? Nimeacha chuo!"

"Ulitaka nikuambie nini?" Sasa yeye ndiye alipaza sauti. "Nikisema jana, unanichukua. Nani atamgeuza? Nani atamkunja vidole? Na nikisema jana, Yoramu, basi mama yangu hana kesho! Ana jana tu! Umenielewa? Hilo neno ndilo analo, nimpe la nyuma?"

Yoramu akainama, akauokota mpira, akapiga goti pale alipozoea kupiga. Akauweka kwenye kiganja cha kulia cha mama, akavifunga vidole kimoja kimoja, akaushikilia mkono wote kwa mikono yake miwili.

"Mama, mimi Yoramu. Yule wa nyuki. Jana au kesho?"

Mama akamkazia macho. Mdomo ukavutika upande, shingo ikatoka mishipa, ulimi unatafuta, unatafuta. Inamahoro kasimama, hapumui.

"E..." mama akasema. "E..."

"Ndiyo mama, sema!"

"Ejo."

Na chozi likashuka, hata yeye kachoka na neno lile.

Nje honi ya bodaboda. "Oya Yoramu! Treni ishasikika, mzee, utaachwa!"

Akasimama, akachukua begi.

"Usiende," Inamahoro alisema. Kisha akaufuta uso kwa upindo wa kitenge. "Hapana. Nenda. Ukikaa utanichukia."

"Twende wote."

Akamwangalia mama. Jibu likawa hilo.

Yoramu akamvuta, akamkumbatia mpaka begi likaanguka. Binti alinuka uji na mafuta ya kuchua. Yoramu akamwambia sikioni, "Asali wangu." Akaliokota begi, akafika mlangoni.

"Utarudi lini?" Inamahoro akauliza.

Aligeuka. Alimwangalia yeye, akamwangalia mama.

"Ejo," alisema.

Inamahoro akacheka, kicheko kikavunjika katikati. "Ipi, Nyuki? Ipi?"

Mlango wa chumba kile bawaba zimelegea. Ukiuvuta tu unabamiza na mama anaruka kitandani. Inabidi uunyanyue kwa kitasa, kidogo, ndiyo uusogeze. Yoramu akatoka. Akaunyanyua, akaufunga, na haukutoa sauti.