Chupa ya Maji Moto Chini ya Blanketi

Jamani watu wa Gakindu, nanyi wa Karatina, leo mnisikilize, kwa maana jambo hili limenichosha.

Ilikuwa Julai, alasiri, baridi ya Nyeri ikiuma. Katika wadi ya watoto ninapofanya kazi ya uuguzi, Mwai, mvulana wa miaka minane, alikuwa akichora lori kitandani. Jana yake alikuwa amepasuliwa nyonga, lakini hakusikia maumivu. Daktari Theuri alikuwa amempitishia mrija mwembamba mgongoni, na dawa ilipita humo polepole, ikimtia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Siku ya tatu, mrija ukishatolewa, alitakiwa kusimama kwa magongo. Angechelewa, nyonga ingekakamaa.

"Sister, miguu yangu imelala na mimi niko macho!" aliniambia akicheka.

Asubuhi nilikuwa nimemweleza mama yake, Beth, kwamba miguu hiyo haisikii joto, basi isiwekewe kitu chochote cha moto. Beth akaitikia, akaenda Karatina kuuza viazi. Hakumwambia mtu mwingine.

Saa ya wageni akaja nyanya yake Mwai, Cucu Waithira, na thermosi ya maji moto ya chai. Akaingiza mkono chini ya blanketi.

"Ngai! Miguu ya mtoto iko baridi kama mawe ya mto. Hii hospitali yenu ni friji?"

"Cucu, usijali. Nitamletea blanketi ingine."

"Ati blanketi! Mimi nimelea watoto tisa na hii baridi. Wewe hujalea hata paka."

Wadi nzima ikacheka. Nikaona haya, nikaenda stoo bila kumweleza lolote. Hilo ni kosa langu, silifichi.

Huku nyuma, Cucu akamimina yale maji katika chupa ya soda, akaizungushia leso, akaisukuma hadi kwenye kisigino cha mtoto. Niliporudi nikamtandikia blanketi juu, bila kuiona chupa. Mwai akaendelea kuchora. Hakulia. Angelia vipi?

Wageni walipotoka, nilifunua miguu kuikagua. Leso ilikuwa imeteleza, chupa imegusa ngozi. Kisigino kizima kilikuwa malengelenge.

"Sister, mbona unalia?" Mwai akaniuliza. "Mimi siumwi."

Beth alipofika, alishika kichwa. "Mama, niliambiwa asiwekewe kitu moto!"

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungesikia?"

Siku ya tatu Mwai hakusimama. Alisimama baada ya wiki sita. Leo anatembea akichechemea, na daktari hajui kama kutaisha.

Na bado! Cucu anatangaza sokoni kwamba mtoto aliunguzwa na sindano ya mgongo. Juzi jirani yake, Gatimu, alikataa binti yake apewe dawa hiyo alipopasuliwa. Msichana akalia kwa uchungu siku mbili, kwa sababu ya chupa ya soda!

FUNZO

Dawa ya mgongoni ina hatari zake, ndiyo maana wauguzi hukagua mara kwa mara. Mtoto akishindwa kabisa kusogeza miguu, akiumwa mgongo au akipumua kwa shida, mwite muuguzi papo hapo. Lakini ngozi yenye ganzi haijui moto; usiipashe. Ulichoambiwa asubuhi, mwambie atakayekuja alasiri. Nasi wauguzi tuseme kwa sauti, hata tukichekwa. Kicheko hakiachi kovu kisiginoni.