Fadhil Ataka Injini Kubwa

Fadhil alikuwa mtu asiyeweza kukaa kitako. Asubuhi wanaume wa Chundwa wakitoka msikitini, hukaa barazani, wakanywa kahawa na kuulizana habari. Fadhil hunywa kikombe kimoja akiwa amesimama. Kisha huyo, mbio kwa gari lake. Atalizunguka. Atalipiga teke tairi. Atafungua boneti, atazame, afunge. Baada ya muda mfupi ataifungua tena, kana kwamba injini imekua hapo katikati.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya zamani. Fadhil aliivusha kutoka bara hadi kisiwani miaka mingi iliyopita, juu ya mbao zilizolazwa kwenye mashua mbili zilizofungwa pamoja. Tangu siku hiyo imebeba abiria, magunia ya simsim, mbuzi na hata maharusi, kati ya bandari ya Mtangawanda na Chundwa.

Lakini sasa gari lilikuwa limechoka. Likiingia kwenye mchanga mwingi, lilikohoa. Mshale wa joto ulipanda. Mvuke ulitoka chini ya boneti. Hapo Fadhil alisimama, akasubiri, akatia maji, ndipo akaendelea. Na wakati amesimama, Jeilani alimpita.

Jeilani alikuwa na pikapu mpya. Kila akimpita Fadhil, alipiga honi mara mbili. Huenda alikuwa akimsalimu tu. Fadhil hakuichukua kama salamu.

"Na yeo amenipita pale mtangani," Fadhil alimwambia mkewe, Mwanamkisi, mchana mmoja. "Abiria wote wakanitazama kwa huruma."

"Akupite, asikupite, wewe keti ule," Mwanamkisi akasema. "Samaki anapoa."

Fadhil hakuketi. Alikula tonge mbili akiwa amesimama mlangoni, macho kwenye gari.

Honi ya Jeilani ilimuudhi, lakini haikuwa honi iliyomkosesha usingizi. Binti yao, Lubna, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Ndiyo desturi: mimba ya kwanza, msichana huzalia kwa mamake. Mumewe, Ghassan, alikuwa kazini Mombasa. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempima Lubna, akakunja uso.

"Mtoto amekaa vibaya," muuguzi alisema. "Huyu asizalie nyumbani. Uchungu ukianza tu, mpelekeni hospitali ya Faza. Msingoje."

Tangu siku hiyo Fadhil aliiona njia ya Faza hata akifumba macho. Aliona mchanga. Aliona mvuke. Alimwona Lubna ndani ya gari, na gari limesimama.

Ndipo Shuaib akapiga simu. Shuaib alikuwa ndugu yake Mwanamkisi. Aliuza vipuri vya magari kule Mokowe, bara.

"Shemeji, nimekupatia injini moto sana," Shuaib alisema. "Injini ya dizeli, ya basi dogo. Basi lilianguka, lakini injini iko fiti. Ukubwa wake ni karibu mara mbili ya hiyo yako. Ukiifunga hiyo, Jeilani utamwacha mbali."

"Itaingia kwenye gari langu?"

"Mafundi watailazimisha. Niambie kesho, kuna mashua inakuja Mtangawanda. Ukichelewa, kuna msee mwingine anaitaka."

Fadhil alikata simu akicheka peke yake. Alizunguka ua mara kadhaa. Kisha akasimama mbele ya mkewe.

"Tutauza ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe wetu?" Mwanamkisi akaacha kupepeta mchele. "Na Lubna akizaa, nimpe maziwa ya nani?"

"Lubna ndiye nimfikiriaye! Gari likiwa na nguvu, nitamfikisha Faza kama upepo."

Mwanamkisi alimtazama. Alimjua mumewe. Akishaanza kukimbia, huwezi kumzuia kwa kumshika nguo.

"Sawa," alisema. "Lakini kabla ya kumfungua ng'ombe kamba, mwite Huwaida alitazame gari."

Huwaida alikuwa binti wa jirani, na Fadhil na mkewe aliwaita ami na khalati, kama wadogo wa wazazi wake. Alifundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja cha bara, na wiki hiyo alikuwa nyumbani kwa likizo.

"Huwaida yuko likizo," Fadhil akasema. "Mwache apumzike."

Hakuwa akimwonea huruma Huwaida. Alikuwa akiogopa jibu lake. Mwanamkisi alijua hivyo pia, na kwa hiyo akaenda kumwita mwenyewe.

Huwaida alikuja baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amevaa ovaroli juu ya gauni lake, na mkononi alibeba mfuko wa vyombo vya kazi.

"Asalaam aleikum, ami," alimwambia Fadhil. "Nimesikia wataka injini ya basi."

"Waaleikum salaam. Ndiyo, mwanangu. Hii yangu imezeeka. Haina nguvu."

"Imezeeka au yaumwa? Mtu akiwa na homa hawezi kubeba gunia. Lakini hatusemi kuwa amezeeka."

Huwaida alikunja mikono ya ovaroli na kufungua boneti.

"Kwanza nahakikisha injini imepoa," alisema, akiigusa kwa nyuma ya mkono. "Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, ami. Maji yatakurukia usoni."

Rejeta ni kile kisanduku cha chuma kilicho mbele ya injini. Maji yenye joto hutoka kwenye injini, hupita katika vijia vyembamba vya rejeta, yakapozwa na upepo, kisha yakarudi kwenye injini. Huwaida alifungua kifuniko chake. Ndani kulikuwa na gamba jeupe, gumu kama chokaa. Alilikwaruza kwa bisibisi.

"Ami, humu watia maji gani?"

"Mai ya kisima. Nitie gani? Maziwa?"

"Kwa nini si maji ya jabia?"

Fadhil alidhani anafanyiwa mzaha. Jabia ni birika kubwa la kukingia mvua. Chundwa, maji ya visima yana chumvi. Kwa hiyo maji ya jabia ni ya kunywa na kupikia, basi. Hata mgeni wa heshima huogea maji ya kisima. Mtu akionekana ananawa miguu kwa maji ya jabia, habari zake zitafika mji wa Kizingitini kabla miguu haijakauka.

"Mai ya jabia nilipe gari?" Fadhil akasema. "Watu watasema kitwa changu kimeharibika!"

Mwanamkisi alikuwa amesogea karibu. Alichukua kipande cha lile gamba, akakisugua kwa vidole.

"Hili nalijua," alisema. "Birika langu la chai lilishika gamba hili hili, siku nilipokuwa nikichemshia mai ya kisima. Likawa halipati moto upesi, mwisho likatoboka. Tangu siku hiyo sitii tena." Akamgeukia mumewe. "Mimi nalionea huruma birika. Wewe gari hukulionea?"

Huwaida alicheka sana. "Khalati amemaliza somo langu! Ndivyo ilivyo, ami. Maji yanakauka, chumvi yabaki. Vijia vimeziba, maji hayapiti vizuri, injini yapata joto. Na injini iliyopata joto hupoteza nguvu." Kisha alichomoa chujio la hewa, akaligonga kwenye tairi. Mchanga ukamwagika. "Na hii ndiyo pua yake. Tazama inavyopumua."

Fadhil alijikuna kichwa. Lakini hakuwa amekata tamaa.

"Vyema. Lakini nikitia injini kubwa, si itayashinda yote hayo?"

"Injini kubwa hutoa joto zaidi. Rejeta hii imeshindwa na ndogo. Kubwa itaiweza vipi?"

Huwaida alitandika mkeka, akaingia chini ya gari. "Njoo uone mwenyewe, ami."

Fadhil akalala kando yake. Huwaida aligonga chesi kwa nyundo ndogo. Chesi ni ule mfupa mrefu wa chuma ambao gari zima limeukalia. Sehemu moja ililia vizuri. Mbele, pale injini ilipofungwa, sauti ilikuwa nzito, na vumbi la kutu likaanguka kwenye ndevu za Fadhil.

"Unapita ufukweni maji ya bahari yakitoka, siyo?" Huwaida akauliza.

"Ni ndia ya mkato," Fadhil akasema kwa sauti ndogo.

"Bahari imekula hapa. Kutu haijafika mbali, itazibwa kwa kipande cha chuma. Lakini injini ya basi ni nzito. Chesi hii itapasuka. Springi za mbele zitalala. Na breki je? Hizi zilitengenezwa kwa gari la nguvu ndogo. Ukienda kwa kasi zaidi, nani atakusimamisha? Giaboksi nayo itasagika. Utabadilisha hiki, kisha kile, mpaka utakuwa umenunua gari jingine kwa vipande. Tena injini mpya lazima iandikishwe kwenye kitabu cha gari, na watu wa bima waambiwe. Usipofanya hivyo, ukipata ajali watakukana."

"Basi injini kubwa haifungwi abadan?"

"Hufungwa. Lakini chesi iwe nzima. Breki, springi, rejeta na giaboksi ziwe zinaiweza. Na fundi apime, asilazimishe. Na injini ya zamani ikiwa imekufa kweli, rahisi zaidi ni kutia nyingine ya aina ile ile. Ngoja nikupimie yako kama imekufa."

Alitoka chini ya gari, akachukua kipimo, akapima silinda moja moja kuona kama bado zinabana hewa vizuri. Fadhil alizungukazunguka. Alikunja mikono, akaikunjua. Alitaka injini iwe nzima, na wakati huo huo alitaka iwe imekufa.

"Silinda zote ni sawa," Huwaida alisema mwishowe. "Injini yako ni nzima, ami. Ina homa tu. Sasa nikuulize. Kubadilisha injini ni kazi ya wiki kadhaa. Yako imeteremshwa, ya basi haijaingia. Siku hiyo Lubna ashikwe na uchungu. Utampakia wapi?"

Fadhil alitazama nyumbani. Lubna alikuwa ameketi kizingitini, mkono mmoja kiunoni, akijipepea kwa kipepeo cha ukindu. Fadhil aliogopa. Aliogopa kwa sababu alikuwa karibu kabisa kumwambia Shuaib ndiyo.

Alimpigia Shuaib papo hapo.

"Mpe huyo mwengine," alisema.

"Shemeji, utajuta!"

"Huenda. Lakini si mwezi huu."

Kazi ilianza asubuhi iliyofuata. Huwaida na Fadhil waliifungua rejeta na kuipeleka kwa fundi, ikasafishwa mpaka maji yakapita bila kizuizi. Injini nayo ilisafishwa ndani kwa maji safi. Walitia chujio jipya la hewa, wakakaza mkanda wa feni, wakabadilisha breki zilizokwisha. Kutu ya chesi ilikwanguliwa, kipande cha chuma kikachomelewa.

Ikabaki kutia maji. Mwanamkisi aliteka ya jabia kwa mkono wake, huku anamung'unya maneno. Huwaida aliyachanganya na dawa ya rejeta.

"Usihuzunike, khalati," alisema. "Rejeta isiyovuja hainywi kila siku. Hii itakaa muda mrefu."

Watu wa barazani hawakukosa la kusema. "Fadhil anywesha gari mai ya jabia! Kesho atalipikia biriani!" Fadhil aliwajibu kwamba gari lake halili mchele wa jana.

Hakubadilika akawa mtu mtulivu. Aliendelea kulizunguka gari kila asubuhi. Ila sasa alijua anatafuta nini: alipima maji na oili injini ikiwa baridi, akakung'uta chujio. Aliacha njia ya ufukweni. Aliacha kurundika mizigo mpaka matairi yaombe msamaha. Jeilani bado alimpita, na bado alipiga honi. Lakini Fadhil hakusimama tena njiani.

Ijumaa moja, watu wametoka tu msikitini, Mwanamkisi alikuja mbio bila viatu.

"Lubna! Uchungu umeanza!"

Jeilani alikuwa Mtangawanda akingoja abiria. Gari lilikuwa moja tu. Walimlaza Lubna nyuma, juu ya magodoro, kichwa kwenye mapaja ya mamake. Mwanamkisi alisoma dua. Fadhil alitaka kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Hakukanyaga. Alishika gia ya chini na kuingia mchangani polepole, bila kusita.

Lubna alilia. Kisha akanyamaza, na kule kunyamaza kulimtisha Fadhil kuliko kilio. Alitazama mshale wa joto. Ulikuwa katikati. Walivuka mchanga wa kwanza. Akautazama tena. Ulikuwa pale pale. Alisema "Alhamdulillahi" kila shimo, mpaka nyumba za Faza zikaonekana.

Wauguzi walimpokea Lubna mara moja. Mlango ukafungwa. Fadhil alipima urefu wa ule ukumbi kwa miguu yake mpaka mgonjwa mmoja akamwomba asimame, anamtia kizunguzungu.

Kabla ya magharibi muuguzi alitoka akitabasamu. "Ni msichana. Mama na mtoto ni salama. Mmefanya vyema kutokawia. Mtoto alikuwa amebanwa, na muda ulikuwa mdogo sana."

Wakamwita mtoto Razan. Fadhil alimpokea kwa mikono miwili, akamwadhinia kwenye sikio la kulia.

Lubna alifumbua macho.

"Baba," alisema polepole, "ndia nzima nalikuwa nikiisikiliza injini."

"Ulikuwa na uchungu, mwanangu. Nalidhani husikii kitu."

"Nalisikia. Kila tukiingia mtangani, nalikuwa nikingoja inyamaze."

Fadhil alimrudisha mtoto kifuani kwa mamake. Machozi yalikuwa yakimtoka mbele ya watu, na hakuyafuta.

"Hata mimi," alisema.