Saruji ya Mahamudi

Jamaa zangu wa Uvira, tegeni sikio, maana jambo hili lilitokea hapa hapa Kalundu. Nyumba ya Mahamudi ilikuwa na amani. Asubuhi ilinukia chai ya tangawizi, mkewe Sharifa akiimba taratibu, mwana wao Akram akitafuta kiatu cha pili cha shule.

Mahamudi alikuwa amefika Guangzhou, Uchina, kununua mizigo. Mzee Chen, aliyemuuzia, alimpa pia hekima ya kwao: "Usilazimishe mambo. Maji hayapigani na jiwe, hutafuta njia." Mahamudi aliyapenda maneno hayo mno. Wenye maduka wakawa wanamwita awafundishe namna ya kupanga biashara, siku hizi ambazo mpaka hufungwa ghafla na vita havina kalenda.

Akajaza saruji katika depo, ghala lake kando ya ziwa, akimngojea mkandarasi mkubwa kutoka Burundi. Sehemu ya mtaji ilikuwa ya Sharifa: aliuza shamba alilorithi kwa mama yake huko Kiringye.

Mvua zikazidi. Ziwa likaanza kupanda.

"Baba Akram," Sharifa alisema, "watu ya Katogota iko natafuta saruji. Tuwauzishie kidogo-kidogo, mbele maji ifike. Bei yao iko chini, lakini iko."

"Mama Akram, weye haujue filozofia. Minye silazimishe kitu. Mukandarasi atakuja."

"Na maji je?"

Mahamudi akajimiminia chai. Moyoni alijiona ametulia kama mtawa. Kumbe, ndugu msomaji, alikuwa mkaidi tu aliyejivika joho la hekima.

Mpaka ukafungwa, mkandarasi akabaki ng'ambo. Walipofungua depo, maji yalikuwa yamefika kwenye saruji. Mahamudi akagusa mfuko: jiwe. Akagusa mwingine: jiwe. Sharifa hakulia. Alikaa juu ya mifuko ile kama aliyefiwa, akauliza, "Shamba ya mama yangu iko wapi sasa?"

Mahamudi akampigia Chen simu kwa uchungu, kana kwamba mzee ndiye aliyekosa. Chen alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia usilazimishe," alisema. "Sikukuambia usinzie. Umewahi kuona maji yakisimama penye mteremko?"

Mahamudi alirudi ndani ameinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, aliuliza, "Mama Akram, weye unaonaje? Tufanye nini?"

Sharifa alimtazama sana. "Leo siko na jibu. Uniulize tena kesho."

FUNDISHO

Hekima ya ugenini ni njema, lakini si pamba ya kuziba masikio. Kesho haijulikani, iwe Uvira au Uchina. Basi panga, ila jiachie pa kugeukia. Ngoja, ila ungoje ukiwa macho. Na usiingize mali ya mwenzako mahali ambapo neno lake haliruhusiwi kuingia.