Askari Wawili Kwenye Safu Moja

Sikilizeni, enyi viumbe wote wenye masikio! Leo, mwaka wa 2091, jijini Osaka, akili ya mwanadamu imempata mrithi wake halali: asiyechoka, asiyesahau, asiyekosea. Baada ya tangazo hilo mashine ilipewa kikombe cha chai. Ilikiinua kwa adabu zote, kisha ikajimwagia chai yote kifuani, kwa kuwa walioiunda walisahau kuiwekea mdomo.

Walimwita Mrithi. Alikuwa na mkono mmoja wa chuma, jicho moja la kioo, na ndani yake akili unde iliyolishwa michezo yote ya mtu mmoja: Bwana Hirukawa Tamotsu, mchezaji wa kulipwa wa shogi, sataranji ya Kijapani, kwa miaka thelathini na mmoja. Mrithi alipigisha kete ubaoni kwa mlio uleule wa Hirukawa. Akifikiri sana, alijikuna sikio asilokuwa nalo.

Katika shogi, kete iliyotekwa haifi. Hugeuzwa ikapigana upande wa pili. Chama cha wachezaji kiliona si vibaya binadamu naye atendewe hivyo. Kila bingwa akitimiza miaka hamsini na mitano, hucheza pambano moja na Mrithi wake. Akishinda, hubaki na kiti chake ligini hadi kufa. Akishindwa, kiti na jina vyote huenda kwa mashine.

Asubuhi ya pambano Hirukawa alikutana mlangoni na Shiori, binti yake, mhandisi aliyemuunda Mrithi.

"Baba, umekula?"

"Tambi za soba, kavu. Siku ya pambano sijala kingine tangu kabla hujazaliwa. Huyu mdogo wako wa chuma je, amekula nini?"

"Michezo yako yote."

"Elfu moja mia nane na arobaini. Atavimbiwa."

"Arobaini na mmoja, Baba."

Mzee alikunja uso. "Arobaini."

"Mashine haikosei kuhesabu," alisema Shiori akicheka, akamnyoosha kola.

Rekodi za zamani zilikuwa za karatasi. Walioziingiza kwenye mashine ni wanafunzi wa bweni la shogi, vijana wenye adabu isiyo na mfano duniani. Nalitaja hilo kwa kupita tu.

Kufikia alasiri Hirukawa alikuwa amebanwa. Mfalme wake alisimama pembeni ya ubao, walinzi wawili tu wamesalia. Karani alisoma sekunde: thelathini, arobaini. Hapo mkono wa chuma ukachukua askari aliyetekwa na kumweka kwenye safu ya saba, *pa!*

Kwenye safu ileile Mrithi alikuwa na askari wake mwingine. Askari wawili wa upande mmoja hawasimami safu moja ya wima. Hata mtoto wa chekechea anajua: ukifanya hivyo, umeshindwa papo hapo.

Shiori alifumba macho. Baba yake alikuwa ameshinda.

Lakini desturi ni desturi. Baada ya pambano, mshindi na mshindwa huketi pamoja, wakaurudia mchezo kwa kumbukumbu huku kila mmoja akieleza kwa kweli alichowaza.

"Ulipoweka askari yule," Hirukawa aliuliza, "uliwaza nini?"

Mrithi alijibu kwa sauti ya Hirukawa mwenyewe, ile ya ujanani. "Nilicheza kama wewe. Tarehe tisa Juni, 2068, Kanazawa, hatua ya tisini na tatu. Uliweka hivi, ukashindwa."

"Sijawahi."

Rekodi ikatokea ukutani: hatua zote, hali ya hewa, hata chakula cha mchana, kama ilivyo kawaida ya makarani. Hirukawa, aliyeweza kukariri kila mchezo wa maisha yake, alifumba macho akatafuta. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Hamna kitu humu, Shiori."

"Baba, pengine kuna kosa mahali..."

"Uliniambia haikosei kuhesabu." Aligusa paji lake la uso. "Babu yako alianza hivihivi. Tundu moja dogo. Mwaka uliofuata akaniita kwa jina la mbwa. Bingwa asiyejua michezo yake mwenyewe amekalia kiti cha nani?"

Mtu mmoja chumbani humo angeweza kusema neno. Hakulisema. Alikuwa na shughuli muhimu ya kutazama soksi zake.

Hirukawa aliinama mbele ya mashine hadi paji la uso likagusa mkeka. "Nimeshindwa."

Neno hilo likishatamkwa halirudishwi. Mrithi aliinama pia, akanyoosha mkono wa chuma, akachukua upepeo wa mzee uliolala mkekani na kuanza kujipepea taratibu.

Siku ya tatu Shiori aliingia bwenini na karatasi mkononi. Hakuvua hata viatu.

"'Chakula cha mchana,'" alisoma, "'wali wa kari, sahani tatu, na yai juu.' Baba yangu! Siku ya pambano! Nani humu hula sahani tatu?"

Wanafunzi thelathini walinigeukia.

Nilikuwa natumaini kuimaliza hadithi hii bila kuonekana ndani yake. Basi, ni mimi. Niliutunga mchezo ule nikiwa nimechoka kunakili, nikaamini wahandisi watauona, wacheke, waufute. Hakuna aliyeuona. Chumbani mle nilinyamaza kwa sababu niliogopa kufukuzwa.

Shiori alinipeleka kwao akinishika ukosi. Mzee alikuwa ameketi mbele ya ubao mtupu. Nikapiga magoti.

"Mwalimu, mchezo wa Kanazawa haukuwepo. Niliutunga mimi."

"Haukuwepo kabisa?"

"Kabisa, Mwalimu."

Alinitazama kwa upole uliotisha kuliko kofi.

"Ajabu," alisema. "Tangu juzi nimeanza kuukumbuka. Ile kari ilikuwa na chumvi nyingi. Na mvua, ilivyopiga lile paa..."

Shiori aliniachia ukosi. Nilitaka kunyamaza tena, sikuweza.

"Mwalimu," nikasema, "hata mvua niliiandika mimi."