Jina Lililotajwa Msituni

Jumamosi ile ya Januari ilianza vizuri tu. Frida, jirani yangu hapa ughaibuni, Uccle, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla yake ziliharibika, kwa hiyo hii aliilinda kama yai. Mama yake alishamkanya kwa simu kutoka Tanga: jina la mtoto lisitajwe nje mpaka azaliwe, hata kwa utani. Walikuwa wameshalichagua, Tunu, lakini wakafunga midomo.

Tatizo ni mumewe, Harun. Yule bwana hana breki mdomoni. Carine, mwenye nyumba wao, mama mtu mzima anayependa ndege kupita kiasi, aliwaalika kwenye msitu wa Soignes kutazama ndege wa majira ya baridi. Wakaona vigong'ota, na kindege kimoja chenye kifua chekundu. Frida alifurahi, ingawa baridi ilimng'ata masikio. Saa kumi na moja hivi giza likaanza kuingia. Carine akatoa simu, akafungulia sauti ya bundi ili bundi wa kweli ajibu.

Jamani! Kwetu bundi akilia juu ya paa, bibi anatupa chumvi motoni. Huku mtu mzima na akili zake anamwita!

"Tuondoke," Frida akanong'ona. "Huyo ni babewatoto. Bibi alisema anachukua watoto."

"Acha ushamba wewe," Harun akacheka.

Bundi akajibu, mbali. Harun, kwa kutaka sifa, akaweka viganja mdomoni, akauiga mlio ule: "Tunuuu! Itika abee, mwanangu!"

Frida alitamani kumzaba kibao. Msitu wote ulinyamaza. Carine akazima simu, akakunja uso.

Kisha sauti ikatoka mitini.

"Tunuuu."

Ilikuwa sauti ya Harun. Harun mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, mdomo kaufumba.

"Tunuuu." Karibu zaidi.

Mtoto akageuka tumboni. Akasukuma. Akasukuma tena, upande ule ule wa sauti. Maumivu yakamkata Frida kiunoni.

"Si jina lake!" akapiga kelele. "Hana jina! Hatujampa!"

Sauti ikakoma. Mtoto akatulia. Wakatoka mbio, Harun akimvuta mkewe mkono, na hakuna aliyegeuka nyuma.

Binti alizaliwa Machi, mzima kabisa. Wakamwita Graciella. Jina lile la kwanza halikutamkwa tena nyumbani mle. Hata Harun alikoma. Lakini Graciella ukimwita hageuki. Masikio yamepimwa, yako sawa.

Juzi jioni nilikuwa kwao nikimsuka Frida. Graciella, anayekaribia miaka mitatu, alikuwa sakafuni akichezea viatu vipya alivyonunuliwa mchana ule. Ghafla akainua kichwa, akatazama dirishani. Sisi hatukusikia kitu.

"Abee," akaitika, kwa adabu kabisa.

Neno hilo hakuna aliyemfundisha. Nyumbani wanaongea naye Kifaransa.

Akaanza kuvaa viatu.

Frida akamnyakua, akamkumbatia. Kiatu kimoja kikadondoka. Nikakiokota. Kilikuwa hakijavuka mlango tangu kitoke kwenye boksi, lakini soli ilikuwa imejaa tope jeusi, bichi, na unyoya wa kahawia umenata humo.